Taa ya uzito ije na spana yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu taa zinazowaka kwa nguvu ya uzito. Ni zile ambazo mtu ananyanyua mfuko uliojaa mchanga au mawe, anauachia ushuke polepole, na wakati unashuka kamba yake inazungusha gia na mota ndogo, taa inawaka. Hakuna umeme wa nguzo, hakuna mafuta ya taa, hakuna betri. Video zake zimekuwa zikizunguka kwenye simu za watu huku Urambo, na kila anayezipata ananiletea mimi kibandani. Mimi ni fundi baiskeli. Watu wakiona kitu chenye gia na kamba wanajua fundi wake ni nani, na katika hili hawakukosea, maana ndani ya taa hiyo hakuna kilicho kigeni kwa mtu aliyezoea kufungua friwili.

Kuna jambo linalosemwa sana kuhusu taa hizi ambalo si kweli, kwamba zitaangaza nyumba nzima bure. Na kuna jingine ambalo sijasikia likisemwa na mtu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: taa ya namna hii, ikiundwa vizuri, inatengenezeka. Ikiharibika Urambo inapona Urambo. Kwa sisi tunaoishi vitongojini hiyo ni faida kubwa kuliko hata mwanga wenyewe, na nisingependa ipotee kwa sababu waundaji hawakuifikiria.

Nieleze kwanza tulivyo. Nguzo za umeme zimefika makao makuu ya kijiji chetu. Shule imeunganishwa, zahanati imeunganishwa, mashine ya kusaga sasa inaendeshwa kwa umeme, na tunashukuru kwa dhati. Ada ya kuunganishiwa ni shilingi 27,000, si pesa ya kumshinda mkulima baada ya mavuno. Lakini kitongoji ninachoishi kiko mbali na nguzo ya mwisho. Kwenye hesabu kijiji kina umeme, na mimi ni mkazi wa kijiji hicho, ila jua likizama nawasha kibatari kama alivyowasha baba yangu. Wako wengi sana wa namna yangu mkoani Tabora, na nadhani Kigoma na Katavi pia, kwa sababu huku watu hatukai kwa kubanana. Nyumba iko kwenye shamba lake, na kutoka nyumba moja hadi nyingine unaweza kupita pori.

Kwa hiyo usiku wetu ni wa kibatari, tochi na sola ndogo. Mafuta ya taa yalipanda bei mwaka 2011, serikali ilipoongeza kodi yake ili kuwakomesha wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema, lakini mzigo ulitua kwa mwenye kibatari. Wengi tukahamia tochi za betri kavu. Sasa pita nyuma ya nyumba yoyote ya kitongojini uone betri zilizotupwa, zimevimba na kutoa unga, na kuku wanachakura hapo hapo.

Mtu wa mjini anaweza kuuliza, usiku mnafanya nini cha kuhitaji taa, si mlale? Nimpe mfano mmoja. Sisi ni wakulima wa tumbaku, na anayeijua tumbaku anajua kwamba bei iko kwenye rangi ya jani. Jani la njano ya limau na jani la njano iliyokolea kuelekea chungwa haziwekwi fungu moja. Mteuzi sokoni akikuta yamechanganyika anashusha daraja la belo zima, na kazi ya mwaka mzima inapungua thamani mbele ya macho yako. Kuchambua ni kazi ya mchana, uani. Lakini msimu ukibana watu wanaendelea hadi usiku, na mbele ya kibatari majani yote ni ya rangi moja, wekundu uliofifia. Mke wangu humaliza kwa vidole. Anapapasa jani, analivuta kidogo kusikia mafuta yake, kisha kama bado ana shaka analisogeza karibu na moto alitazame vizuri. Hapo ndipo roho yangu haitulii, kwa sababu jani lililotoka kwenye bani, yaani banda la kukaushia, ni kavu, linashika moto mara moja, na juu ya kichwa chake kuna paa la nyasi.

Kwa kazi hiyo hahitaji taa ya kuangaza sebule. Anahitaji mwanga mweupe mdogo, karibu na mkono, usio na moto. Naomba msomaji aukumbuke ukubwa huo wa mwanga, maana hesabu za taa ya uzito zinaishia hapo hapo.

Taa ya uzito si wazo jipya. Saa kubwa za ukutani za zamani, zile zenye vyuma vinavyoning'inia kwa minyororo, ziliendeshwa hivyo hivyo: unavuta chuma juu, kinashuka siku nzima, saa inatembea. Kilichokuwa kinakosekana ni balbu isiyohitaji nguvu nyingi. Balbu za LED zilipopatikana watu wakaanza kujaribu. Mwaka 2008 zilivuma habari za taa iitwayo Gravia, iliyochorwa na Clay Moulton, mhitimu wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech kule Marekani. Ilikuwa nguzo ndefu ya plastiki angavu ambayo ndani yake uzito unashuka taratibu. Alisema itatoa mwanga sawa na balbu ya zamani ya wati 40 kwa muda wa saa nne, na akapata nafasi ya pili kwenye mashindano ya vifaa vinavyotunza mazingira. Habari ikaenea dunia nzima. Kisha wenye hesabu wakakaa chini.

Nami nilikaa chini, pamoja na mwalimu wa fizikia wa sekondari yetu ya kata, ambaye baiskeli yake huitengeneza mimi. Hesabu yenyewe haina ugumu. Chukua kilo za mzigo, zidisha kwa 9.8, ambayo ndiyo nguvu ya dunia kuvuta kila kilo, kisha zidisha kwa mita unazoshuka. Unapata juli, yaani kazi yote iliyomo kwenye mzigo ule. Gawanya kwa sekunde utakazotumia, unapata wati. Mzigo wa Gravia ulikuwa kilo 23 hivi na unashuka mita moja na nusu, kwa hiyo juli zake ni karibu 340. Saa nne ni sekunde 14,400. Ukigawanya hupati hata sehemu moja ya arobaini ya wati. Mwanga wa balbu ya wati 40, hata ukitumia LED nzuri za leo, unataka wati 4 hadi 6. Ili kuupata kwa saa nne ungepaswa kuning'iniza tani 4 hadi 6 darini. Huo ni mzigo wa Fuso.

Simsemi vibaya kijana yule. Alichora akitegemea LED za siku za mbele zitakuwa na nguvu kubwa zaidi. Lakini tatizo haliko kwenye LED, liko kwenye mzigo. Juli zilizomo ndani ya jiwe ni zile zile ulizoziweka kwa mkono wako ulipolinyanyua, na hakuna fundi wa kuziongeza.

Waliofuata walikuwa na adabu zaidi kwa hesabu. Mwishoni mwa 2012 wabunifu wawili wa London, Martin Riddiford na Jim Reeves, walitangaza taa yao waliyoiita GravityLight na kuomba watu wawachangie kwenye intaneti. Waliomba dola 55,000, wakachangiwa karibu dola 400,000. Mfuko wao ni wa kilo 12 hivi, unashuka karibu mita 1.8, na taa inawaka dakika 20 hadi 25. Piga hesabu ile ile: juli 212, kwa sekunde 1,500. Ni kama sehemu moja ya saba ya wati, kabla hujatoa kinacholiwa na msuguano wa gia. Toleo la pili liliwekewa mfumo wa kapi ili kunyanyua kusiwe kazi ngumu, na mwaka 2016 waliitembeza Kenya usiku 50, wakiionyesha kijiji kwa kijiji. Baadaye watu hao hao wakaja na taa nyingine, NowLight, ya kuvuta kamba kwa mkono, yenye sola na betri ndani yake. Kwa maneno mengine walirudi kwenye betri. Naelewa sababu, kwa kuwa watu wanataka kuchaji simu, na uzito hauwezi kuchaji simu. Betri ya kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, ya milliampia-saa 1,000, ina juli zaidi ya 13,000. Ungenyanyua mfuko ule mara zaidi ya 60 hata kama hakuna kinachopotea njiani, na njiani kinapotea kingi. Anayewaambia wanakijiji kwamba watachaji simu kwa jiwe anawadanganya, na naomba gazeti lako lisimpe nafasi.

Lakini sehemu moja ya saba ya wati si kitu cha kudharau. Ukiifikisha nusu yake tu kwenye LED moja au mbili, mtoto anasoma daftari lililo mbele yake. Mama anaona kilichomo chunguni. Ukifungua mlango usiku unaona kama kuna nyoka kizingitini. Mke wangu anaona rangi ya jani. Haimfai mkunga, huyo anahitaji taa ya kweli na asipunjwe. Haifai dukani. Ni taa ya kazi moja mahali pamoja, na kibatari nacho, tukisema kweli, ndivyo kilivyo.

Wapo wanaosema kunyanyua kilo 12 kila baada ya dakika 20 ni usumbufu. Kwa bibi wa miaka 75 anayeishi peke yake ni kweli, na kwake sina jibu zaidi ya kapi nzuri au mjukuu. Kwa wengine nasema hivi: sisi wa Unyamwezi ni wajukuu wa wapagazi. Babu zetu walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, kwa miguu, miezi. Maji ya nyumba yangu hubebwa kwa madumu ya lita 20, kila siku. Kunyanyua kilo 12 mara saba hadi tisa kwa jioni moja, kuanzia saa moja usiku hadi saa nne, hakumshindi kijana yeyote wa huku.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Kibandani nina boksi la taa za sola zilizokufa. Sizitaji majina, zimetoka kwa waundaji mbalimbali na nyingine hazina jina. Zimeletwa na watu wenye imani kwamba fundi ni fundi. Zilinunuliwa kwa bei ya kuku wawili, watatu, nyingine kwa pesa ya mbuzi. Zimewaka vizuri mwaka mmoja, miwili, kisha mwanga ukaanza kufifia kabla ya watu kumaliza kula, mwisho zikazima. Nikiipata taa kama hiyo naigeuza kutafuta skrubu. Hakuna skrubu. Plastiki imeunganishwa kwa moto kiwandani, juu na chini zimekuwa kitu kimoja. Naikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, nisije nikakata waya. Ndani nakuta kipande cha sola kizima, ukikiweka juani kinatoa umeme. Nakuta LED nzima. Nakuta swichi nzima. Kilichokufa ni betri peke yake, kijibetri kidogo kilichochomelewa kwa bati jembamba na kufungwa kwa plastiki ya buluu, hakina maandishi ya kunisaidia kutafuta mwenzake. Urambo hakiuzwi. Nimewahi kuagiza Tabora mjini, navyo havikuwa vya ukubwa ule. Na hata ningekipata, kasha nimeshalikata. Nikilifunga kwa gundi na mpira wa tyubu, mvua ya kwanza inaingia.

Bibi mmoja wa kitongoji jirani aliniletea yake akitaka kujua kosa lake nini, kwa sababu jua lipo na taa ipo. Nilimweleza kwamba kimekufa kitu cha ndani kisichobadilishwa. Akauliza kwa nini walitengeneza kitu kisichobadilishwa. Niliikata na kumwonyesha ile betri, lakini hilo halikuwa jibu la swali lake, na jibu sikuwa nalo. Taa ile aliinunua kwa pesa ya asali ya msimu mzima.

Najua kuna watakaosema kasha hufungwa hivyo ili maji na vumbi visiingie. Mbona kitochi kinafunguka? Kitochi kinaanguka mtoni, kinafunguliwa nyuma kwa kucha, kinaanikwa juani, kinawaka. Betri yake inauzwa hadi gulioni na mtoto wa darasa la nne anajua kuibadilisha. Kwa sababu hiyo kitochi kinadumu miaka kumi mikononi mwa watu maskini. Ukiweka mpira mwembamba kuzunguka ukingo na skrubu nne kwenye pembe, taa ya sola nayo itafunguka na kufungika, na maji hayataingia.

Hapo ndipo taa ya uzito inaponivutia. Haina cha kufa kimya kimya. Ndani yake kuna gia, ekseli, kamba, mota ndogo inayozalisha umeme, na LED. LED inadumu maelfu ya saa. Vilivyobaki vyote vinachakaa kwa namna ambayo jicho linaiona na mkono unaisikia: jino la gia limelika, kamba imeanza kutoka nyuzi, ekseli inacheza. Fundi yeyote anayeweza kurudisha gololi kwenye hab ya gurudumu anaweza kuitibu, mradi vipuri vipo na kasha lina skrubu. Lakini kama itakuja ikiwa imefungwa kwa moto kama zile za kwenye boksi langu, na gia zake za plastiki haziuzwi popote nchini, basi jino moja likivunjika tumerudi pale pale.

Nimejaribu kutengeneza ya kwangu, na nieleze ilivyo, kwa faida ya mafundi wenzangu. Nilichukua fremu kuukuu ya baiskeli nikaining'iniza kwenye boriti. Kwenye ekseli ya pedeli nilichomelea kipande cha bomba cha sentimita nne kwa upana, hapo ndipo kamba ya mfuko inapozungushwa. Spoketi ya meno 48 inavuta cheni hadi friwili ya meno 18, gurudumu la nyuma linazunguka, na juu ya rimu, ambayo nimeiondoa tairi, umepita mkanda uliokatwa kwenye tyubu hadi kwenye mota niliyoitoa kwenye redio kaseti iliyokufa. Dainamo ya baiskeli haifai, na naomba mafundi wasipoteze muda nayo. Inataka wati 3, inaumaliza mfuko wa kilo 12 kwa dakika moja hivi au chini yake. Mota ya kaseti ni nyepesi, inawasha LED bila kulazimishwa.

Inawaka. Inawaka mwanga mweupe mzuri, na mke wangu ameshachambulia tumbaku mbele yake. Ila inashuka kwa dakika nne hivi tu, kisha mtu anyanyue tena. Na mkanda wa tyubu unateleza vumbi likiukalia. Huku Julai na Agosti vumbi halina pa kujificha, likichanganyika na grisi linakuwa tope linalosaga chuma.

Sababu ya dakika nne ni gia. Kamba ya mita 1.8 kwenye bomba langu inazungusha ekseli mara 14 na ushei. Mota ya kaseti, ili iwashe LED, inataka mizunguko kama 600 kwa dakika. Kwa dakika 20 ni mizunguko 12,000. Maana yake mzunguko mmoja wa ekseli ya chini lazima uzae mizunguko zaidi ya 800 kwenye mota. Spoketi na rimu yangu, vyote pamoja, vinazaa 176. Sina namna ya kufika 800 kwa vifaa vya baiskeli bila kujaza nyumba magurudumu. Zinahitajika gia ndogo, za meno yaliyochongwa kwa mashine, hatua nne, kila hatua ikizidisha mara tano na kitu. Mimi kibandani nina tupa, nyundo, spana na mashine ya kuchomelea ya kukodi. Meno ya namna hiyo siyawezi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanayaweza. Chuo cha VETA Tabora kipo, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo mkoani. Kazi yao iliyoandikwa ni kuwafundisha na kuwasaidia mafundi kama sisi. Naomba jambo moja kwao, wachore boksi moja la gia, la hatua nne, lenye kupokea kamba upande mmoja na mota ya kawaida upande wa pili. Liwe la chuma au plastiki ngumu, liwe na kifuniko cha kufungwa kwa skrubu nne za saizi moja inayopatikana kila duka la baiskeli, na kila gia iuzwe peke yake. Wakitoa boksi hilo, fremu, kapi, kamba, mifuko na waya tutaviweka sisi mafundi wa vijijini, kila mmoja kwa alivyojaliwa. Wanafunzi wa VETA hutengeneza kila mwaka vitu vya mtihani ambavyo vikishasahihishwa vinabaki ghalani. Kwa nini boksi hili lisiwe moja ya vitu hivyo?

Kwa wale watakaoleta taa hizi kutoka nje, nawaomba walete na vipuri vyake, na wavifikishe Tabora, visiishie Kariakoo. Na kwa Shirika la Viwango, TBS, ombi langu linahusu zaidi sola kuliko uzito. Taa yoyote yenye betri inayouzwa kwa ajili ya vijijini iwe ya kufunguka kwa bisibisi, na juu ya betri yake paandikwe volti na ukubwa wake kwa herufi zinazosomeka, ili mtu akienda dukani ajue anaulizia nini. Mimi naona hiyo ingeokoa pesa nyingi zaidi ya watu wa hali yetu kuliko taa mpya yoyote itakayobuniwa mwaka huu.

Kuna tahadhari moja ambayo kwenye video sijaiona. Wanaoonyesha taa hizi huzitundika kwenye dari imara. Nyumba zetu nyingi zina boriti za miti ya kawaida, na mchwa wa Tabora hawamwachii mtu mti. Boriti inaweza kuonekana nzima kwa nje, ndani imebaki udongo. Mfuko wa kilo 12 unaoning'inia juu ya mkeka wanapolala watoto si jambo la mzaha. Atakayetundika atoboe kwanza boriti kwa msumari mrefu sehemu mbili tatu. Msumari ukizama bila kugongwa, asitundike hapo. Mninga au mkurungu ukipatikana kihalali ndio wa kutumia, mchwa wanauogopa. Na mfuko ukae pembeni ya chumba, ukutani, chini yake pawekwe kitu cha kuzuia watoto wasipite. Mimi nimeweka kinu.

Mwalimu wa VETA, mtu wa SIDO au fundi mwenzangu yeyote atakayetaka kuona ninachokieleza, au kuchukua vipimo vya ekseli na bomba kwa ajili ya lile boksi la gia, anakaribishwa. Nipo sokoni Urambo, upande wanakopanga baiskeli za kukodi, aulizie fundi mwenye fremu inayoning'inia. Aepuke siku ya gulio, siku hiyo nina wateja wa kutoka mbali na sitampa muda anaostahili. Siku nyingine yoyote aje mchana, nimpe vipimo, kisha tuondoke wote jioni hadi nyumbani aione ikiwaka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli,
Urambo, Tabora